Siku Faili za Makina Zilipogeuka Sindano

Watu hustaafu wakiwa na miaka hamsini na tano, wanapewa saa ya ukutani, na mkubwa wa ofisi anasoma hotuba akikosea jina lao. Mimi nimestaafu na ishirini na sita. Saa hakuna, na hotuba nimejiandikia. Nawaachia nyinyi wawili mnaokalia meza yangu hapa Kawangware 56, juu ya duka la rangi, kwa sababu juzi niliwasikia mkicheka ati Nekesa ameogopa kazi. Sijaogopa kitu. Mkirudia hiyo maneno nitapanda hizo ngazi tuongee vizuri. Lakini kwanza someni.

Hii kazi sikusomea mahali. Nilimaliza fomu four na mdomo mkubwa kuliko cheti, na siku ya kwanza sikuwa hata natafuta kazi ya kompyuta. Nilitembea kutoka 56 mpaka Makina, Kibera, kwa sababu niliambiwa kuna mzee huko anataipia watu barua na hawachekelei. Duka lake lilikuwa hatua chache kutoka msikitini, mabati pande tatu, mlango wa mbao, ndani taipureta mbili na sanduku la bati kama lile tulikuwa tunaenda nalo bording. Mzee Marjan alikuwa Mnubi wa Makina, mrefu, amekonda, kofia nyeupe, miwani imefungwa na uzi wa kushonea. Alichukua barua yangu akaisoma polepole.

"Hii umeandika wewe?"

"Nani mwingine?"

"Unaomba kazi ama unamtisha mtu?"

"Naomba."

"Hapa chini umesema mkinikataa mtajuta."

"Si ni ukweli?"

Akacheka mpaka ile miwani ikaning'inia kwa sikio moja. "Keti hapo, wewe mtoto wa Waluhya. Hii barua sitaitaipu. Jifunze kwanza kuandika za wengine, yako utaandika ukipoa."

Sijapoa mpaka leo, lakini nilikaa. Alinifundisha kutaipu mikono ikiwa imefunikwa na leso, ndio nisiangalie herufi. Nikikosea, hakusema kitu. Alivuta tu karatasi, akaikunja, akaiweka kwa kikapu, na akaingiza ingine. Hiyo kimya yake iliniuma kuliko kofi. Na alikuwa na sheria moja haikuvunjwa hata mteja akilia ati amechelewa: kila barua, kila ombi, kila kiapo kinaingia kwa mashine na karboni katikati. "Karatasi moja ya mteja, moja ya sanduku," alikuwa anasema. Lile sanduku la bati ndilo lilikuwa limebeba hizo nakala za sanduku, miaka na miaka, zimefungwa na kamba ya katani, panya hawaingii.

Kompyuta ilikuja kwa mkokoteni, imefungwa blanketi kama mgonjwa. Ofisi fulani ya town ilikuwa inahama. Mzee alisema amenunua kitu cha kuangalia tu. Ilikuwa na Windows, ile mpya ya wakati huo, na mimi nilikuwa na kitabu cha fotokopi kisicho na jalada wala kurasa ishirini za kwanza. Ndio maana mpaka leo sijui kitabu kilianza kusema nini. Nilijifunza lugha ya Basic kwa kukosea. Nikiandika mistari kumi, tisa zinakataa, napiga meza, Mzee ananiangalia juu ya miwani. "Meza haijui Basic," anasema, anarudi kwa kazi yake.

Sasa mjue shida ya Makina, kwa sababu nyinyi ni wa huku 56 na labda mnadhani kitambulisho unaenda tu unapiga picha. Mnubi, babu yake babu aliletwa hapa akiwa askari, kutoka Sudan. Ukitimiza miaka kumi na nane unaitwa mbele ya kamati, wazee na watu wa ofisi kwa meza moja ndefu. Wanakuuliza: wewe ni wa nani? Baba yako nani, babu yako nani, baba ya babu alitoka wapi, nani anaweza kusimama hapa aseme anawajua? Ukikosa jibu unaambiwa urudi kikao kingine. Kikao kingine ni lini, mwenye kujua hayupo. Na bila kitambulisho hufungui akaunti ya benki, huandikwi kazi, polisi akikusimamisha unamaliza siku yako huko kwake.

Kwa hivyo watu walikuwa wanakuja kwa Mzee Marjan awataipie ukoo wao. Na wakikwama kwa jina la zamani, wote wanatumwa nyumba moja: kwa Bibi Faida.

Bibi Faida alikuwa anakaa nyuma ya duka, na mjukuu wake Halima, ambaye yeye Bibi ndiye alimlea. Wazazi wa Halima walikufa akiwa mdogo, nyumba yao ikaungua na karatasi zote. Bibi alikuwa anashona tabaga, ule mfuniko wa ukili wa rangi unawekwa juu ya chakula, na mkono ukienda hivi mdomo unaenda hivi: huyu alimwoa huyu, huyu alikuja na kikosi kile, huyu alizikwa upande ule wa makaburi. Hakuwahi kusita. Nilimuuliza siku moja anakumbukaje yote. Akaniangalia kama nimeuliza anakumbukaje kupumua. "Sasa nisahau niwaache na nani?"

Nikaamua nitaandika programu. Niliiita Ukoo. Unaingiza jina, inakuuliza baba, mama, babu, inaendelea juu mpaka ukose, halafu chini kuna nafasi ya maneno ya Bibi vile alivyoyasema. Kila familia faili yake. Na nilitaka Mzee asikumbuke kitu yoyote. Asitafute programu, asijue iko wapi. Aone faili, aigonge mara mbili, ifunguke. Hiyo tu.

Hapa nitawafundisha, kwa sababu mnafanya vibaya, nimeona kazi yenu.

Mashine haijui faili ni nini. Inaangalia zile herufi za mwisho baada ya nukta. Zangu zilikuwa uko, kifupi cha Ukoo. Halafu inaenda kwa rejista, lile daftari kubwa la mashine, inauliza: uko ni wa nani? Fikiria barua imefika Makina haina namba ya nyumba. Mwenye kuileta anauliza dukani, huyu Abdul ni wa nani? Anaambiwa, wa kina Marjan. Haijaisha hapo. Anauliza tena, kina Marjan wanakaa wapi? Anaonyeshwa mlango. Rejista ni hivyo hivyo, maswali mawili. Swali la kwanza linakupa jina la aina, na hilo jina unalichagua wewe mwenyewe mwenye programu. Swali la pili, ukiwa na hilo jina, linakupa mlango: programu iko kwa folda gani, picha ya faili ni gani, na ikigongwa mara mbili amri gani inatoka. Mwenye kuandika ndiye mwenye mlango. Mwingine akija akaandika juu, mlango ni wake, na mashine haitakuuliza kama umekubali.

Picha niliichora mwenyewe, nukta kwa nukta, thelathini na mbili kwenda chini na thelathini na mbili kwenda kando. Ilikuwa tabaga, duara jekundu, duara la kijani, nyeusi katikati. Bibi Faida aliletwa aione. Akakaribia skrini mpaka pua ikaguza. "Ukili wa hapa umekatika," akasema. Kweli, niliruka nukta moja. Nikairudia.

Kesi ngumu ya kwanza ilikuwa yake pia. Faili yake niliiita Bibi Faida, na nafasi katikati. Nikaigonga, programu ikaja, ikasema hakuna faili inaitwa Bibi. Siku tatu. Nilitukana hiyo mashine na lugha zote za kwetu. Bibi amekaa hapo na ukili wake, akauliza, "Inasema nini?"

"Inasema hakuna Bibi."

"Iambie niko hapa nangoja chai."

Kumbe ukiandika ile amri kwa rejista, mahali pa jina la faili lazima uzungushie alama za kunukuu pande zote mbili. Usipozungushia, jina lenye nafasi linaweza kukatwa vipande viwili na programu ishike cha kwanza tu. Hiyo mnakosea nyinyi wawili mpaka leo, na nimewaambia mara ngapi. Zungushieni.

Ukoo ikakubali. Manze, nilikuwa najiona. Mzee anakuja asubuhi, anatoa kofia anapuliza vumbi kwa kibodi, anagonga tabaga mara mbili, familia inafunguka. Watu wa Makina wakawa wanachungulia mlangoni. Halima mwenyewe alisimama nyuma yangu siku tulipomaliza faili yake. Bibi alisema kwa asubuhi mbili, mimi nikaandika: baba ya Halima, babu yake, baba ya babu na kikosi chake na kijiji alichotoka, majina ya mashahidi, wengine wameshakufa lakini watoto wao wako. Halima alikuwa anangoja kitambulisho mwaka wa tano. Nasari moja, shule ya watoto wadogo hapo mtaa wa Ayany, ilikuwa imemwekea nafasi ya kufundisha watoto, wakamwambia akileta kitambulisho aingie. Alisoma skrini, midomo ikisonga.

"Ni mimi huyo," akasema.

"Ni wewe, si jirani," nikamjibu. Sikuwa najua kuongea vizuri hata nikiwa na furaha.

Mzee akaleta karatasi mbili na karboni, anataka kutaipu nakala ya sanduku. Na hapa ndio nataka mniangalie vizuri. Nilimcheka. Mbele ya watu. Nikamwambia, "Mzee, hii ni kompyuta. Karboni ni ya nini? Unataka kumpikia mtu ameshashiba?" Watu wakacheka. Nikaendelea, ati tutaprinti siku kamati ikitangazwa, karatasi iwe mpya, tarehe mpya. Yeye akasimama na hiyo karboni mkononi. Akaikunja polepole akairudisha kwa droo.

"Fundi amesema," akasema.

Tangu siku hiyo hakutaipu nakala ya faili yoyote ya Ukoo. Aliacha kwa sababu yangu. Miaka yote hakuna mteja alimshinda kwa hiyo sheria, mimi nikamshinda na mzaha mmoja.

Halafu mvua ya El Nino ikaja. Nyinyi mnakumbuka huku 56 vile stage ya matatu ilikuwa ziwa. Makina maji yalipita ndani ya nyumba. Bibi Faida alishikwa na kifua. Alizikwa mchana wa mvua, wanaume wamebeba jeneza wakiteleza kwa matope, na Halima amebaki mlangoni ameshika tabaga ambayo haijamalizwa, sindano bado imening'inia. Hakulia. Mimi ndiye nililia mpaka watu wakadhani ni nyanya yangu.

Mzee aliniambia siku ya tatu, "Iko ndani ya mashine. Bibi hajaenda na yote." Nikasema ndiyo, iko.

Wakati huo nilikuwa nimeanza kuchukua kazi huku Kawangware. Kulikuwa na kliniki ndogo ya mtaa, na muuguzi, Sista Rose, alitaka kadi za wagonjwa ziwe kwa kompyuta. Nikaandika programu ingine. Nilikuwa mjanja sasa, ama nilidhani. Wauguzi wanasahau kuhifadhi, wanaitwa wanatoka wakikimbia. Kwa hivyo nikaifanya ijihifadhi yenyewe. Ukiifunga tu, inaandika. Haiulizi. Sista Rose alinipigia makofi.

Na rejista yake? Sikuiandika upya. Nilichukua ile ya Ukoo, ile faili ndogo ya maandishi inayobeba majina ya kuingizwa kwa rejista, nikaikopi. Nikabadilisha njia ya programu. Nikabadilisha picha, nikachora sindano ya hospitali. Herufi za faili na jina la aina, pale juu kabisa, mstari wa kwanza na wa pili, nikasahau. Yakabaki vile yalivyokuwa. Kwa hivyo hiyo faili yangu ya rejista ilikuwa inaiambia mashine: faili zikiisha na uko, ni za kliniki.

Kwa kliniki isingeonekana milele. Huko hakuna faili za Ukoo, na wauguzi walikuwa wanafungua programu kwa menyu. Lakini printa nzuri ilikuwa kwa Mzee Marjan. Alasiri moja nikabeba programu kwa diski mpaka Makina nikajaribu kuprinti kadi. Nikaiweka kwa mashine yake, nikagonga ile faili ya rejista, ikasema imeingia sawasawa. Kadi ikatoka safi. Nikafunga, nikaenda zangu. Na mkiniuliza kama hakukuwa na diski ya akiba ya faili za Ukoo, ilikuwepo. Ndiyo hiyo nilikuwa nimeifuta nikabebea programu ya kliniki, kwa sababu sikuwa na diski ingine siku hiyo.

Kamati ikatangazwa wiki hiyo. Mzee alifungua duka mapema aanze kuprintia watu.

Mimi nilifika saa nne nikitoka 56, matope mpaka magoti. Nikamkuta ameketi wima, mikono juu ya magoti, haguzi kitu. Kwa skrini, kila faili ilikuwa na sindano.

"Nekesa," akasema, "tabaga zangu zimegeuka sindano."

"Umefanya nini?"

"Nimegonga mara mbili vile ulinifundisha. Inakuja karatasi ya mgonjwa, haina kitu. Nikaifunga, nikajaribu ingine. Nayo hivyo. Nimejaribu zote nikitafuta moja nzuri. Hii moja sijaguza."

Ingekuwa nyinyi mngeuliza kwanza ni gani. Ingekuwa mtu amepoa angezima mashine. Mimi nilipandwa na hasira, si ya Mzee, ya mashine, lakini ilimwangukia yeye. "Si nimekuambia usigongegonge! Toa mkono. Angalia vile inafunguliwa." Nikavuta maus kutoka kwake. Nikagonga mara mbili hiyo moja ilikuwa imebaki.

Ikaja kadi ya kliniki. Jina la mgonjwa, tupu. Umri, tupu. Nikatoa tusi moja, ndani ya duka la mtu anayeswali mara tano, nikaifunga.

Ile taa ndogo ya diski, ile ya kijani mbele ya mashine, ikawaka kidogo. Ikazima.

Hapo ndipo nilijua. Nilijua kwa sababu mimi ndiye nilimfanyia Sista Rose hiyo kitu. Ukiifunga inaandika. Nikaangalia uzito wa faili. Zote zilikuwa na uzito mmoja, sawa kabisa, kama mtu amezipima. Familia ya watu wanane na familia ya mtu mmoja, uzito mmoja. Nikatafuta programu ya kufufua faili, lakini hizi hazikuwa zimefutwa. Zilikuwa hapo. Zilikuwa zimeandikwa juu, na hiyo hakuna wa kufufua.

"Ilikuwa ya nani hiyo?" nikauliza, na nilikuwa naona jina.

"Ya Halima," Mzee akasema. "Za wengine nikasema wazee wao wako hai, watarudia. Hiyo nikaiacha. Nikasema nikungoje wewe."

Mzee akavua miwani, akafuta na kanzu, akavaa tena. Halima akaingia na thamosi ya chai ya Mzee vile alikuwa anafanya kila siku, amevaa nguo nzuri, kwa sababu kamati ni kesho na alitaka karatasi yake aishike. Akatuangalia.

"Kuna nini?"

Nikafungua mdomo. Mzee akanitangulia.

"Nimebonyeza vibaya, mwanangu," akamwambia. "Mimi. Nimefuta."

Halima akaweka thamosi chini. "Yote?"

"Yote."

Akaniangalia mimi, fundi. Alikuwa anangoja niseme inarudi. Nikaangalia kibodi. Hivyo ndivyo nilivyosaidia.

Kesho yake Mzee alisimama naye mbele ya meza ndefu. Mimi nilikuwa nje, dirishani, na yale Bibi alisema sikuyakumbuka, nilikuwa nimeyaachia mashine. Alisema yale anajua: baba yake nilimjua, babu yake nilimjua, tuliswali msikiti mmoja. Wakauliza baba ya babu. Jina alilitaja. Wakauliza kikosi, kijiji, na nani mwingine anajua. Na Mzee hajawahi kudanganya kwa taipureta wala kwa mdomo, isipokuwa ile mara moja jana yake. Akasema hajui. Mwenye kuandika akaandika kitu, akasema kwa sauti ya kawaida tu, hakuwa mbaya, "Arudi na maelezo kamili." Wakaita mwingine. Familia zingine zilipita karibu zote, wazee wao walikuja na fimbo zao wakasema. Ile nasari ya Ayany wakangoja mwezi, halafu wakaandika mwalimu mwingine.

Makina ni ndogo. Watu wakaanza, "Mzee Marjan amezeeka. Amefuta ukoo wa watu." Mimi, mtu akimgusa Mzee Marjan, namrukia. Nilimrukia jamaa mmoja kwa bucha, nikamshika kola, nikamwambia akirudia hiyo maneno atatafuta meno yake kwa maini. Watu wakatutenganisha. Wakasema, angalia vile huyu msichana anampenda huyo mzee. Na mimi nasimama hapo namtetea mtu kwa kosa langu, na bado silisemi. Hiyo ndiyo kitu mbaya zaidi nimefanya kwa hii kazi. Kuharibu faili ni kazi mbaya. Kupigana na mtu aliyesema uongo uleule ambao mimi ndiye naufuga, sijui inaitwa nini.

Mzee hakuwahi kunitajia. Alifunika kompyuta na leso, ile ile aliyonifunika nayo mikono, akarudi kwa taipureta. Kila karatasi na karboni.

Baada ya hapo nilihamishia kazi huku kwa hii meza, mkanikuta. Rejista nimeiandika vizuri miaka hii miwili ya hapa, mnajua. Programu yangu ikifika kwa mashine ya mtu inauliza kwanza: hizi herufi ziko na mwenyewe? Zikiwa naye, naziacha, natafuta zingine. Jina la aina naweka refu, na jina la duka ndani, ndio lisifanane na la mtu. Ikitolewa, inarudisha vile ilikuta. Na kila faili maneno ya kwanza ndani yanasema ni ya programu gani, na programu isipoyaona inafunga bila kuandika hata nukta. Hii ya mwisho mkiiruka kwa sababu ya haraka, mimi sitawajua. Ningekuwa na huo mstari mmoja, ningekuwa bado fundi.

Lakini kila nikisajili aina ya faili nasoma ile mistari miwili ya juu mara kumi, na bado siiamini. Jumatatu naanza kwa yadi ya mbao hapo chini. Ubao ukikatwa vibaya unauona.

Ijumaa iliyopita nilienda Makina mchana, Mzee akiwa msikitini. Halima ndiye alikuwa anachunga duka. Sasa anashonea watu nguo, na jioni anamsomea Mzee barua kwa sababu macho yake yameisha. Nikamwambia nikiwa nimesimama. Nilimwambia yote, karboni, diski, mistari miwili ya juu, maus. Nikangoja anitukane. Ningeshukuru.

Akauliza, "Iko bado?"

"Nini?"

"Hiyo faili yangu."

Nikatoa leso, nikawasha mashine. Ilichukua muda, vumbi ikinuka. Iko. Sindano, na jina lake chini. Nikaigonga mara mbili, kadi ya kliniki ikaja. Halima akavuta kiti akakaribia, vile Bibi alikaribia ile siku, akasoma kwa sauti.

"Jina la mgonjwa. Umri. Anapokaa." Akafika chini. "Ndugu wa karibu." Akanigeukia. "Hata hii inaniuliza."

Nikaweka mikono kwa kibodi.

"Jaza," akasema.

Nikajaza. Halima. Ishirini na tano. Makina. Kishale kikafika pale chini, kikawa kinapepesa. Nilijua hana wa kuandika. Nje kulikuwa na watu wanatoka kuswali, viatu vinatafutwa.

"Niruke hapo?"

"Usiruke." Akaangalia mlangoni. "Andika Marjan."

Nikaandika. Nikafunga, taa ya kijani ikawaka, ikazima. Halafu nikaifungua tena nione kama imeshika. Imeshika. Nikaprinti mbili: moja ya Halima, moja ya sanduku.